Alizeti Iliyonyonya Sumu Usiilimie Tena Shambani

Mkulima anapanda alizeti au haradali kwenye udongo wenye kadimi, metali yenye sumu, ili mimea iunyonye na kuusafisha; anapalilia vizuri, mimea inanyonya sumu msimu mzima. Siku ya kuvuna anakata vichwa, mabua anayalaza chini na kuyalimia "yawe mbolea". Ndugu mkulima, hapo umechota maji kisimani ukayamwaga kisimani! Metali haiozi. Jani litaoza, kadimi iliyomo itabaki ikingoja mboga utakazopanda baadaye.

Tupige hesabu. Hekta moja, kwa kina cha sentimita 20, ina udongo wa tani 2,600 hivi. Kadimi ikiwa miligramu 1 kwa kilo, jumla yake ni kilo 2.6. Ukivuna tani 10 za mimea mikavu yenye miligramu 20 kwa kilo, umetoa gramu 200 tu. Kazi ni ya miaka, na bado unaacha majani shambani?

Alizeti ing'oe maua yakishafunguka, kabla majani ya chini hayajakauka na kudondoka. Anayesubiri mbegu zikomae amechelewa, na mbegu zenyewe si za kula wala kukamua. Hili nimechoka kulirudia. Ng'oa pamoja na mizizi, hasa penye madini ya risasi, metali nyingine yenye sumu, kwani mengi hukwama mizizini. Kung'uta udongo palepale shimoni. Anika juu ya turubai, kisha kusanya hata yale majani yaliyovunjikavunjika.

Baada ya hapo si mboji, si lishe ya mifugo, si kuni. Ukichoma, sehemu ya kadimi na aseniki, sumu nyingine ya udongoni, hutoka na moshi unaouvuta, inayobaki hujaa kwenye majivu, na majivu hayo ndiyo mtu huyanyunyizia mboga! Funga kwenye mifuko isiyopitisha kitu, andika SUMU, ipelekwe kwenye jaa la taka hatarishi. Hilo lipange kabla hujapanda, si siku mabua yamerundikana uani na kuku wanayachakura.

Chokaa nayo iache kwa sasa. Inapunguza tindikali, kadimi na zinki zinashikwa na udongo, mmea unakosa cha kunyonya.

Pima udongo kila baada ya misimu mitatu: vijisampuli 15, kina kilekile cha sentimita 20, uvichanganye. Kiasi cha sumu kikishuka, endelea.