Sista mgeni, anza na daftari

Wauguzi wapya wanaoletwa kwenye kliniki yetu hapa Tanga mjini huwa hawana shida ya elimu. Muulize mmoja ratiba ya chanjo, atakutiririshia kuanzia BCG hadi surua-rubella ya miezi 18 bila kumeza mate. Sasa mpeleke kwenye baraza la nyumba moja huko Ngamiani, bibi wa mtoto yupo kwenye mbuzi anakuna nazi, amwangalie juu hadi chini na kumuuliza, "Wewe binti, una mtoto?" Elimu yote inayeyuka. Kumwambia mtu wa namna hiyo "jiamini" ni kumwongezea mzigo tu. Mimi huwa ninawapa kazi za kufanya.

Kazi ya kwanza ni kujua namba za eneo lako. Kabla hujatoka kwenda mtaani, kaa na vitabu vya MTUHA, rejista za taarifa za huduma za kituo, namba 6 cha wajawazito na namba 7 cha watoto, uandike kwenye daftari lako dogo: watoto wangapi walianza Penta ya kwanza (chanjo ya magonjwa matano, inayotolewa mara tatu), wangapi walifika ya tatu, mtaa upi unaongoza kwa wasiorudi, wajawazito wangapi walianza kliniki kabla ya wiki 12. Daktari hana namba hizo kichwani, mtendaji hana, wewe unazo. Mwenyekiti akisimama kwenye mkutano wa mtaa na kusema watu wake wote wanachanja, unafungua daftari kwa adabu: "Mheshimiwa mwenyekiti, kuna watoto tisa wa mtaa huu hawakurudi kwa Penta ya tatu. Naomba wajumbe wanisaidie kuwapata." Hutahitaji kupandisha sauti. Utamwona mwenyewe anavyogeuka kuwatafuta wajumbe.

Halafu kuna elimu ya afya ya asubuhi, ile inayotolewa kina mama wakiwa kwenye mabenchi kabla mizani haijaanza. Wageni huikimbia. "Dada, leo fanya wewe, mimi nitaandika kadi." Usikubali kuwa mwandika kadi wa kudumu. Chagua mada moja tu, dakika kumi, na lazima mkononi uwe na kitu. Ukizungumzia chanjo, shika kichupa kilichokwisha tumika uwaonyeshe alama iliyopo: duara lenye mraba mdogo ndani yake. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo haijaharibiwa na joto. Rangi zikilingana, au mraba ukiwa mweusi zaidi, kichupa hicho hakimgusi mtoto. Mama akishaiona alama hiyo kwa macho yake, anajua kwa nini tunang'ang'ana na friji ya nyuzi 2 hadi 8 hata umeme unapokatika, na wewe umeshasahau kutetemeka. Kwenye lishe, tafadhali, achana na mabango yenye matunda ya supamaketi. Taja dagaa, kisamvu, kunde, mayai, vitu ambavyo atavipata akitoka hapo getini.

Tumrudie bibi wa mbuzi ya nazi, maana huyo ndiye mtihani wenyewe. Shikamoo kwanza, na ikae pale mpaka aiitikie. Ukikaribishwa, kaa alipokaa yeye. Usibaki umesimama na begi begani kama mkusanya kodi. Muulize amelea wangapi. Hapo hupotezi muda, kwa sababu mwenye kauli juu ya mtoto yule mara nyingi ni yeye, wala si mama aliyekuletea kadi kliniki. Akikuuliza kama una mtoto, usijitetee, na vyeti usivitaje. "Bado, bibi. Lakini kazi yangu ni kuwapima, na nakuomba huyu tumpime pamoja." Mzungushie mtoto utepe wa rangi wa kupimia utapiamlo kwenye mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, kisha mwache bibi aisome rangi mwenyewe. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, yaani utapiamlo mkali. Bibi aliyeiona nyekundu kwa macho yake huniuliza swali moja tu: tunaenda lini?

Kuna maswali yatakayokukwamisha. Chanjo ya HPV ilipoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, tulisikia kila aina ya maneno kuhusu ugumba. Unalolijua liseme wazi: inamkinga binti na saratani ya shingo ya kizazi, na haigusi uwezo wake wa kuzaa. Usilolijua, sema, "Hilo nitaliuliza, Jumatano nitakuletea jibu." Na Jumatano uende. Ukienda, mtaa mzima utakuita sista wetu. Usipokwenda, utajibeba.

Simu kwa daktari nayo ina kanuni yake. Wengi hupiga wakiwa wamechanganyikiwa, wanaanza na "Daktari, samahani kukusumbua, sijui kama..." na daktari aliyechoka anamaliza maneno kabla yako. Kabla hujapiga, andika mistari minne: nini kinatokea, mgonjwa ni nani, umeona nini na umefanya nini, unaomba nini. Kisha usome ulivyoandika.

"Daktari, shikamoo. Ni muuguzi wa zahanati fulani. Nina mama mwenye dalili za hatari. Mimba ya pili, wiki 34. Presha ni 160 kwa 110, mkojo una protini, kichwa kinamuuma sana na anaona maruwiruwi. Nimempa dozi ya kwanza ya magnesiamu salfeti. Tunamleta, naomba mjiandae kumpokea."

Magnesiamu salfeti ni dawa ya kuzuia kifafa cha mimba. Hakuna samahani humo. Usafiri ni namba 115 ya m-mama, huduma ya kusafirisha wajawazito na watoto wachanga wenye dharura, bure, na kuipiga hakuhitaji ruhusa ya mkubwa. Kama daktari atakukaripia mbele ya ndugu wa mgonjwa (wapo wa hivyo, nimewapata), maliza kumhudumia mama kwanza. Mfuate baadaye mkiwa wawili, umwambie jambo moja tu lililotokea, bila kuanza na habari za miaka iliyopita.

Kuhusu wakaguzi kutoka halmashauri sina mengi: waonyeshe upungufu kabla hawajauona. Leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga iwe hai, mafunzo endelevu uyahudhurie.

Na kama miezi inapita na bado unamsukumia mwenzako elimu ya asubuhi, anza na kidogo. Wiki hii simama, salimia, taja jina lako na mada ya siku, umpishe mwenzako, ukae. Wiki ijayo fundisha kuosha mikono tu. Ya tatu, chukua kichupa.