Kabla ya kuhamia nchi nyingine: vifaa vinavyofanana kwa sura tu

Kifaa kigeni kabisa hakimsumbui sana mhamiaji, maana akikiona huuliza. Kinachomtia hasara ni kile kinachofanana na alichokizoea: plagi iliyoingia sawasawa, kitasa cha dirisha, msumeno, tarehe kwenye barua. Hivyo hukitumia kwa mazoea, na mazoea hayo ni ya nyumba nyingine. Kwa hiyo unapojiandaa, tumia muda mwingi zaidi kwa vitu unavyodhani unavijua.

Anza na umeme kabla hata hujafunga sanduku. Geuza kila kifaa, tafuta lebo iliyo chini yake au kwenye chaja. Ikiandikwa 100–240V na 50/60Hz, kifaa hicho kitafanya kazi karibu popote, na utahitaji adapta tu. Adapta hubadilisha umbo la meno ya plagi, volti haizigusi. Hapo ndipo wengi wanapounguza vitu. Japani hutumia volti 100, Marekani 120, Ulaya 230. Pasi ya wati 1200 iliyotengenezewa volti 120 ukiichomeka kwenye 230 itajaribu kuvuta karibu wati 4400, kwa sababu nguvu ya waya wa joto hupanda kwa mraba wa volti, na waya huo hukatika upesi. Kinyume chake, birika la wati 2000 la volti 230 likipelekwa Marekani hubaki na wati 540 hivi, na maji yatachemka kwa muda unaozidi mara tatu na nusu ya ule uliouzoea. Transfoma, yaani kifaa cha kubadilisha volti, ipo, lakini ile inayobeba wati 2000 ni nzito mno kusafiri nayo. Pasi, birika na kikausha nywele viache, ununue huko huko. Hata volti zikilingana, angalia hezi (Hz), yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde: saa ya ukutani inayofuata mdundo wa umeme wa hezi 50, ukiichomeka kwenye hezi 60, itakimbia dakika 12 mbele kila saa moja.

Ekstensheni moja kutoka nyumbani ni wazo zuri, kwani adapta moja itakutosha kwa chaja zote. Ila isiwe na kinga ya umeme unaoruka iliyopangwa kwa volti 120 kama unaenda kwenye 230; kinga hiyo huungua papo hapo.

Mlango sasa. Katika nyumba nyingi za kupanga Ujerumani, upande wa nje wa mlango wa kuingilia kuna kifundo kisichozunguka. Ukitoka kutupa taka mlango ukajifunga nyuma yako, umebaki nje, hata kama hukuufunga kwa ufunguo. Siku ya kwanza kabisa tengeneza ufunguo wa akiba, ukae kwa mtu unayemwamini.

Dirisha la huko linastahili dakika tano za mazoezi. Kitasa kikielekea chini, limefungwa. Kikilala, linafunguka kama mlango. Kikielekea juu, sehemu ya juu tu huinamia ndani. Kosa la kawaida ni kuzungusha kitasa kwenda juu wakati dirisha liko wazi: kona ya juu inachomoka, na kioo kizito kinaning'inia kwenye bawaba ya chini. Halijavunjika. Lishikilie, mwite mtu wa pili. Pembeni mwa fremu inayofunguka huwa na kilimi kidogo kinachozuia kitasa. Bana kona ya juu ya upande wa bawaba mpaka ikae kwenye fremu, bonyeza kilimi hicho, rudisha kitasa kilale, kisha ndipo ufunge.

Dirisha hilo hilo ndilo linaloamua kama ukuta wako utaota ukungu majira ya baridi. Kuliacha limeinama kutwa nzima hupoza ukuta unaolizunguka, na mvuke wa chumbani hugeuka maji hapo. Fungua wazi kabisa dakika tano hadi kumi, mara mbili tatu kwa siku, halafu funga. Madhara ya kutofanya hivyo hayaonekani mpaka miezi ipite, na mara nyingi hugeuka ugomvi na mwenye nyumba kuhusu amana.

Vifaa vya mkononi navyo vina desturi zao. Msumeno wa Kijapani hukata unapouvuta. Bapa lake ni jembamba, ukilisukuma kwa nguvu hujikunja. Sufuria zako hazitapata joto kwenye jiko la indaksheni kama sumaku haishiki chini yake, basi zijaribu kwa sumaku ndogo kabla ya kuzibeba. Kikombe cha kupimia ni mililita 240 hivi Marekani, 250 Australia na 200 Japani, na kijiko kikubwa cha Australia ni mililita 20 badala ya 15. Tanuri la Kimarekani likionyesha 350, hizo ni nyuzi za Farenhaiti, sawa na nyuzi 177 za Selsiasi: toa 32, gawa kwa 1.8.

Barua ikisema 03/04, Marekani ni tarehe 4 Machi, Uingereza ni 3 Aprili. Miadi ya kibali cha kuishi hupotea hivyo. Andika jina la mwezi kila unapoweza.

Kuhusu majirani, Ujerumani kelele husitishwa kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na Jumapili kutwa nzima. Kutoboa ukuta siku hiyo ni kosa, si kutokuwa na adabu tu. Japani viatu huvuliwa mlangoni, na ndara za chooni haziendi sebuleni.

La mwisho lifanye kabla hujalala usiku wa kwanza. Andika namba ya dharura kwenye karatasi: 112 Ulaya, 911 Marekani na Kanada, 000 Australia, Japani 119 ni zimamoto na gari la wagonjwa, 110 ni polisi. Chini yake andika anwani yako kamili kwa herufi za nchi hiyo na, kama huzisomi, matamshi yake, kisha ibandike kando ya mlango. Anayepokea simu atakuuliza uko wapi.