Mzabibu unaumwa nini? Geuza jani kabla hujashika bomba

Wakulima wenzangu wa zabibu, kila mvua zikichanganya swali ni lilelile, majani yangu yana madoa nipige dawa gani, na majibu yanakuja haraka haraka, huyu anasema salfa, yule anasema kopa, yaani dawa ya shaba, mwingine anataja dawa aliyoiona kwa jirani, na katika wote hao hamna aliyeuliza jani likoje upande wa chini. Hapo ndo hela inapotea na mzabibu unazidi kuumwa. Mimi nasema hivi na nitarudia hata mkichoka: ugonjwa ujue kwanza, shamba lipe hewa, afu dawa ije baada ya hapo.

Tuanze na ubwiri, ugonjwa wa ukungu, maana ndo unaotesa wengi, na uko wa aina mbili ambazo watu wanazichanganya kila siku. Ubwiri vinyoya unaanza na baka la njano juu ya jani, baka la mviringo linalong'aa kidogo kama karatasi iliyodondokewa na tone la mafuta. Sasa geuza jani. Asubuhi mapema umande haujakauka utakuta chini ya baka lilelile kuna vinyoya vyeupe, vimekaa hapohapo tu penye baka, sehemu nyingine ya jani ni safi. Kama umechelewa kufika shambani na jua limeshapanda unaweza usivione, kwa hiyo chuma majani mawili matatu yenye baka, yatie kwenye mfuko wa plastiki pamoja na karatasi uliyoilowesha maji, funga, weka kabatini penye giza na joto la kawaida mpaka kesho yake. Vinyoya vikitokea huko ndani, umeshapata jibu na hujatoa hata senti.

Ubwiri unga ni kitu kingine kabisa. Huu unakaa juu ya ngozi ya jani, ya chipukizi na ya punje, unaonekana ni unga wa kijivu wa majivumajivu, ukiupitishia kidole unafutika na chini yake ngozi imepata rangi ya kahawia. Punje changa ikishikwa, ngozi yake inagoma kutanuka lakini nyama ya ndani inaendelea kukua, matokeo yake inapasuka, mbegu zinaonekana kwa nje, na kwenye huo mpasuko ndo anaingia yule mwingine wa kuozesha ambaye nitamfikia.

Kwa nini nakazania tofauti hii, kwa sababu hawa wawili hawapendi hali moja na hawafi kwa dawa moja. Ubwiri vinyoya unataka maji. Ukisikia wataalamu wanasema kumi tatu, wanamaanisha machipukizi yamefika sentimita 10, mvua imenyesha milimita 10, na joto halijashuka chini ya nyuzi 10, vyote ndani ya siku moja au mbili, hapo mbegu za ugonjwa zilizolala kwenye majani makavu yaliyooza chini zinaamka na matone ya mvua yanazirusha juu. Ubwiri unga hauna haja na mvua, mvua kubwa tena inauosha, wenyewe unapenda joto la wastani la nyuzi 20 hadi 27, kivuli, na majani yaliyobanana, ndo maana unakuta mtu analalamika mwaka huu hamna mvua kabisa na bado zabibu zimejaa unga, anadhani ni vumbi la barabarani. Salfa inaua ubwiri unga lakini haifanyi lolote kwa ubwiri vinyoya. Kopa inazuia ubwiri vinyoya lakini kwa ubwiri unga nguvu yake ni ndogo sana. Sasa aliyekosea jina la ugonjwa si amenyunyiza bure?

Na haya magonjwa kwa asili hayakuwa kila mahali. Yametoka Amerika Kaskazini, mizabibu ya kule imeishi nayo muda mrefu inayavumilia, ile ya Ulaya haikuwa na kinga yoyote. Ubwiri unga ulionekana Uingereza mwaka 1845, ubwiri vinyoya ukaonekana Ufaransa 1878. Kule Bordeaux, Ufaransa, kulikuwa na wakulima wanaorushia mizabibu ya kando ya barabara mchanganyiko wa mrututu (chumvi ya kopa) na chokaa ili wapita njia wasiibe zabibu, na profesa mmoja aitwaye Millardet akagundua kwamba hiyo mizabibu ya kando ya barabara ndo imebaki na majani yake wakati ya ndani yamepukutika, akafanya majaribio na mwaka 1885 akatangaza dawa inayotumika mpaka leo. Dawa nzuri, siikatai, ila kopa ni metali, haiozi wala haipotei, kila unachonyunyiza kinaishia kwenye udongo na kinabaki hapo na minyoo ya ardhini inaumia. Umoja wa Ulaya umeweka ukomo wa kilo 28 za kopa kwa hekta ndani ya miaka 7, yaani wastani wa kilo 4 kwa mwaka, na hiyo ni kopa halisi, sio uzito wa pakiti. Anayesema kilimo chake ni endelevu kwa sababu anatumia kopa na salfa tu, basi aangalie na kiasi.

Hewa. Hapa nataka tukae kidogo maana ndo penye faida kuliko dawa zote ulizowahi kununua. Jani likikauka haraka baada ya mvua au umande, mbegu ya ukungu haipati muda wa kuota. Unalifanyaje likauke haraka? Mistari ielekezwe upepo upite katikati, machipukizi yapunguzwe yangali mafupi usisubiri yawe kichaka, yaliyobaki yafungwe wima kwenye waya yasilaliane. Afu mara tu punje zikishatunga, ng'oa majani yanayofunika vichala, anza na upande unaopigwa na jua la asubuhi. Upande wa jua la mchana acha majani kama sehemu yako ni ya joto kali, la sivyo punje zitaungua, na punje iliyozoea kivuli wiki nyingi afu ukaifunua ghafla inaungua haraka zaidi, kwa hiyo fanya mapema zikiwa ndogo. Ukimaliza simama kwenye mstari angalia kama unaviona vichala vingi bila kushika kitu, kama huvioni basi na dawa haitavifikia.

Mbolea nayo. Watu wanapenda mzabibu wenye kijani kilichokoza, wanamwaga naitrojeni, wanapata majani mengi mapana laini, na ukungu unashukuru. Mzabibu haupendi kushibishwa hivo. Pima udongo, weka mboji au samadi iliyoiva vizuri, na kama shamba limezidisha nguvu acha nyasi au panda mimea funika katikati ya mistari iunyang'anye kidogo maji na naitrojeni. Faida nyingine ya hiyo mimea ni kwamba inazuia tone la mvua kugonga udongo wazi na kurusha zile mbegu za ubwiri vinyoya nilizozisema, na inawapa makazi wadudu rafiki. Ila chini ya mzabibu wenyewe magugu marefu yasifike usawa wa vichala, yanafuga unyevu. Maji ya kumwagilia yapite chini kwa matone, kumwagilia kwa kurusha juu ni kuutengenezea ugonjwa mvua yake.

Yule wa kuozesha sasa, ukungu wa kijivu. Huyu anaanza mapema kuliko watu wanavyodhani, anaingia wakati wa maua, anajificha ndani ya punje changa, afu zikianza kuwa laini na sukari inapanda anaamka na kichala kinavaa manyoya ya kijivu. Vichala vilivyobanana ndo mawindo yake, na jeraha lolote ni mlango, iwe ndege, nyigu, mvua ya mawe, au ule mpasuko wa ubwiri unga. Kwa maana hiyo kudhibiti ubwiri unga mapema ni nusu ya kazi ya kuzuia kuoza. Dawa zipo lakini ukishaona manyoya umechelewa, chuma haraka, chagua vizuri, toa vilivyooza nje ya shamba.

Muda ambao hutakiwi kabisa kuzubaa ni kuanzia kabla kidogo ya maua mpaka kama wiki nne baada ya punje kutunga. Punje ziko uchi kipindi hicho. Baadaye zinapata kinga yake zenyewe, ubwiri unga haushiki tena punje mpya kirahisi, ingawa majani na vikonyo bado vinaweza kuumwa. Mtu mwenye hela ya dawa chache azielekeze hapo. Na akinyunyiza anyunyize vizuri, pande zote mbili za mstari, nozeli nzima zisizoziba, na matone yafike ndani. Salfa usipige joto likikaribia nyuzi 32 au zaidi inaunguza majani, wala usiisogeze karibu na dawa ya mafuta, acheni wiki mbili katikati. Kama zabibu ni za mvinyo acha salfa mapema kabla ya mavuno, ikibaki kwenye punje mvinyo unaweza kutoa harufu ya yai viza. Dawa za kisasa zinazoingia ndani ya mmea ni kali lakini ukungu unazizoea, angalia namba ya kundi kwenye lebo na ubadilishe kundi, kubadilisha jina la kopo wakati namba ni ileile hakusaidii kitu. Na glavu na barakoa jamani, hizi sio za maonyesho.

Kuna magonjwa ambayo dawa ya kunyunyiza haiyafikii, na haya yananisikitisha kuliko ubwiri maana yanaua mzabibu wa miaka 15 au 20 polepole. Ni ya ndani ya mti. Unaona mkono mmoja wa mzabibu unatoa machipukizi mafupi yaliyodumaa, majani madogo ya njano yamejikunja kikombe, mkono mwingine uko sawa kabisa. Kata ule mkono kwa msumeno uangalie ndani, utakuta kabari ya rangi ya kahawia iliyokolea, umbo la V, imetokea kwenye kidonda cha zamani cha kupogoa ikaelekea moyoni. Ukungu uliingia pale siku ulipokata, mvua ikanyesha, ukabaki miaka ukila mti. Kwa hiyo pogoa siku kavu, na kama shamba ni kubwa pogoa mara mbili, kwanza acha matawi marefu, afu umalizie karibu na kuchipua maana vidonda vya wakati huo vinapona haraka. Vidonda vikubwa vipake rangi ya kuzibia au Trichoderma, ukungu rafiki unaozuia ukungu mbaya, siku hiyohiyo, usiache mpaka mvua ikutangulie. Mti ulioshikwa usiung'oe haraka, kata kushuka chini mpaka uone kuni nyeupe safi duara zima, afu ongeza sentimita 10 zaidi, na lea chipukizi la chini liwe shina jipya, mizizi ya zamani italisukuma kwa nguvu. Mabaki yachome kama sheria za kwenu zinaruhusu au yapeleke mbali, kuyarundika pembeni mwa shamba ni kuuwekea ugonjwa ghala.

La mwisho ni virusi, na hapa chanzo kikubwa ni pingili za bure. Kirusi cha kukunja majani kinaonekana mwishoni mwa msimu, kwenye zabibu nyekundu majani ya chini yanageuka mekundu huku mishipa imebaki kijani na kingo zinajikunja kwenda chini, kwenye nyeupe dalili ni hafifu unaona umanjano tu na wengine hawaoni kitu. Zabibu zinachelewa kuiva na sukari haipandi. Hakitibiki. Kinasafiri kwenye pingili ulizokata kwa rafiki, na kikishaingia shambani kinasambazwa na vidung'ata, wale weupe wenye unga wanaojificha chini ya magome, na vidung'ata wanalindwa na sisimizi wanaofuata utamu wao, hivo ukiona sisimizi wanapanda shina kwa mstari, bandua gome uangalie. Nunua miche iliyopimwa na yenye cheti hata kama bei inauma, na kama udongo wako una historia ya filoksera (kidudu kidogo kinachofyonza mizizi) au minyoo ya mizizi chagua iliyounganishwa kwenye shina la chini linalovumilia.

Mizabibu yenye virusi ifunge utepe wakati dalili bado zinaonekana, maana majani yakishadondoka hutaijua. Baada ya mavuno ing'oe na mizizi yake kadiri unavyoweza kuifuata, mizizi iliyobaki ardhini inaweza kuhifadhi kirusi na vidung'ata kwa miaka. Ile mizima iliyobaki usiitelekeze eti kwa sababu zabibu zimeshachumwa, majani yake bado yanaweka akiba ya msimu ujao kwenye shina, yakipukutika mapema kwa ubwiri utaona mwakani machipukizi yanatoka dhaifu na maua machache, kwa hiyo endelea kupita mstari kwa mstari kila wiki, anzia kona ya bondeni yenye unyevu, na uendelee kugeuza majani.