Mwanamichezo ukitaka kuwa na mambo yako nje ya uwanja bila kuharibu kiwango

Kabla ya yote piga hesabu ya siku yako. Asubuhi mazoezi masaa mawili, jioni tena saa moja na nusu, kula, kulala mchana, kukandwa misuli, halafu yale masaa mengine yanaenda wapi? Kwenye simu, tumelala chali tunasukuma kidole juu. Kwa hiyo ukiniambia huna muda nakukatalia, muda upo ila nguvu ndo huna, na hapo ndo wengi wanakosea wakianza kitu kipya, wanapanga kwa saa wakati walitakiwa wapange kwa mwili.

Mimi nakimbia na hili nililijua kwa aibu. Nilikubali kupiga picha harusi ya rafiki yangu siku moja kabla ya mbio, nikajiambia aah kupiga picha tu bana, nikasimama toka asubuhi mpaka usiku, nachuchumaa nainuka nachuchumaa nainuka, kesho yake mzunguko wa tatu tu vigimbi vishakuwa mawe. Siku hizi nagawa hivi: vitu vinavyokula miguu naviweka siku ya mapumziko au msimu ukiisha, vinavyokula kichwa kama kusoma, kujifunza lugha au kuediti picha naviweka mchana nikishaamka. Siku ya mazoezi makali hata kichwa hakishiki kitu, usijidanganye, lala.

Tuanze na picha maana ndo rahisi kuingia. Usinunue kamera. Miezi mitatu ya kwanza tumia simu, na ulichonacho wewe ambacho mpiga picha mwenye lensi ya hela nyingi hana ni kwamba upo ndani, upo kwenye basi, upo pembeni wenzako wanapofunga kamba za viatu kimya kimya hakuna anayeongea. Piga hivyo. Mikono, vidole vilivyofungwa plasta, soksi zinavyovutwa mara mbili na yule mwenye imani zake. Chumba cha kubadilishia nguo ni marufuku mpaka wenzako wote wakubali, na anayekubali leo akikataa kesho unafuta, hamna mjadala.

Ukifika kwenye kamera yenyewe, mtu anayekimbia mpe spidi ya shata, yaani ule muda kamera inafungua jicho lake, kama 1/1000 ya sekunde ili asitoke na ukungu, halafu siku ukichoka na picha zilizoganda shusha mpaka 1/60, mfuate na kamera anavyopita, yeye anabaki anaonekana na nyuma yake panakuwa mistari. Zitaharibika nyingi sana, ndo kawaida yake. Ila siri kubwa haipo kwenye mashine, ni kwamba wewe unajua nusu sekunde kabla, unajua mrukaji akishusha nyonga anaruka, unajua mkimbiaji akianza kuvuta mabega juu ameisha, mpiga picha wa kawaida hayo anayaona yakishatokea. Na usipige tu mstari wa kumalizia, subiri sekunde tano baada ya mstari, pale sura inasahau kama inaangaliwa.

Ukitaka mfano mtafute Randy Johnson, mrushaji wa besiboli wa Marekani aliyeingizwa Hall of Fame, orodha ya heshima ya mchezo huo, 2015, alisomea upigaji picha za habari chuoni kabla hajawa maarufu, akastaafu akarudi kwenye kamera. Nembo ya kazi yake ya picha ni ndege aliyekufa, kwa sababu 2001 alirusha mpira ukagongana na njiwa hewani, manyoya tupu. Huyo hakuianzia picha kwenye kustaafu, aliirudia tu.

Siasa sasa. Hii usiikimbilie. Anzia chumba chenu cha kubadilishia nguo, omba uwe mwakilishi wa wachezaji au mshika hela wa timu, utajua haraka kama unapenda siasa au unapenda kushangiliwa. Sócrates wa Brazil, kapteni wao wa soka Kombe la Dunia 1982 na daktari kabisa wa kusomea, pale klabuni kwake Corinthians yeye na wenzake waliweka utaratibu wa kupiga kura kwa mambo ya timu, wachezaji na wafanyakazi kura sawa, wakati nchi yenyewe iko chini ya wanajeshi. Hiyo ndo siasa, posti ya saa sita usiku sio siasa.

Kabla hujasema hadharani soma mkataba wako na wa sponsa, sehemu ya mwenendo, soma na kanuni za mashindano. Olimpiki kuna kanuni ya 50 inayokataza maandamano ya kisiasa, kuelekea Tokyo walilegeza kidogo ukaweza kuonyesha msimamo kabla mchezo haujaanza, ila jukwaa la medali bado hapana. Tommie Smith na John Carlos, wakimbiaji wa Marekani, waliinua ngumi kupinga ubaguzi wa rangi jukwaani Mexico City 1968 wakaondolewa kwenye timu. Sisemi usiinue, nasema ujue bei yake kabla.

Kugombea ndo mwisho kabisa. George Weah, mchezaji bora wa soka duniani 1995, aligombea urais wa Liberia 2005 na jina lote lile akashindwa, watu walikuwa wanamsema hajasoma, akarudi shule, akawa seneta, urais akaupata 2018. Miaka 13 hapo katikati.

Vitu vingine sina maneno mengi, vitabu beba kimoja tu safarini, lugha anza na ya mwenzako wa chumba.

Kilichobaki ni kocha. Mwambie mwenyewe mapema, asisikie kwa watu, maana ukishinda utaitwa mtu wa vipaji vingi na ukipoteza mbio mbili mfululizo makamera ndo yamekuharibu. Mimi naandika kwenye daftari la mazoezi masaa niliyolala na masaa ya picha, siku akikunja uso namfungulia ukurasa. Mara moja alikuwa sahihi, usingizi ulikuwa umeshuka kweli, nikaifungia kamera kabatini wiki tatu.