Usiendelee kumsagia mtoto kila kitu mpaka atimize mwaka

Mtoto aliyeanza kula akiwa na miezi 6, akifika miezi 8 ponda chakula kwa uma, uache vibonge vidogo laini. Hata kama hana meno, ufizi unatafuna vizuri tu. Mpe kiazi kitamu au boga lililoiva ashike mwenyewe. Kipande kikibonyea kwa urahisi kati ya vidole vyako viwili, kinafaa. Akae wima, nawe uwe pembeni yake. Karanga nzima, bisi na zabibu nzima, bado kabisa!

Akikohoa kwa sauti, mwache akohoe. Akinyamaza ghafla, hawezi kulia wala kukohoa, amekabwa: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, umpige mara 5 katikati ya mabega. Kisipotoka, mgeuze, mbonyeze katikati ya kifua kwa kitako cha kiganja kimoja mara 5, urudie, huku mwenzako akitafuta msaada.