Kuomba ufadhili wa utafiti wa makumbusho ukiwa Zanzibar: historia ya bahari na elimu ya nyota

Ufadhili wa makumbusho si masomo ya shahada. Unapewa posho, kiti maktabani na ruhusa ya kufika kwenye ghala, mara nyingi kwa mwezi mmoja hadi mitatu, ili uchunguze vitu ambavyo jumba hilo linavyo. Hapo penye "ambavyo jumba hilo linavyo" ndipo mwombaji wa huku kwetu anapoteleza. Anaandika kurasa mbili juu ya biashara ya Bahari ya Hindi bila kutaja jalada hata moja, na anayesoma maombi anajiuliza: huyu akija Jumatatu asubuhi, aletewe nini mezani?

Basi anza na namba ya kumbukumbu. Mada itafuata.

Kipi kiko wapi

Kosa kubwa ni kudhani kila kitu cha bahari cha Uingereza kiko Greenwich, kwenye makumbusho yao ya taifa ya bahari. Tuseme unataka kuichunguza HMS London, meli iliyotia nanga Unguja miaka ya 1870 na mwanzo wa 1880 kuzuia biashara ya watumwa, na ambayo kapteni wake, Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba Disemba 1881 katika mapambano na jahazi. Batli za meli za karne ya 19, yaani madaftari ya safari ya kila siku, hazipo makumbusho. Zipo kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, fungu la ADM 53. Za manahodha wa zamani zaidi ni ADM 51. Greenwich wana batli za maluteni, nazo zinaishia mwanzoni mwa karne ya 19. Ukiwaandikia kwamba utasoma kwao batli ya HMS London, umejifelisha. Kinachoweza kukupeleka Greenwich ni barua na shajara binafsi za maofisa, michoro ya meli, mifano ya vyombo, picha na ramani. Kew na Greenwich zote ziko London, kwa hiyo unaweza kupanga siku za Kew, lakini uzito wa maombi ubaki kwenye vitu vya anayekulipa.

Kwa elimu ya nyota mtego ni ule ule. Kituo cha nyota cha Greenwich kilianzishwa 1675, na kronomita nyingi, yaani saa za kupimia safari baharini, unaweza kuziona hapo hapo. Karatasi za kituo, pamoja na madaftari ya kupima mwendo wa kronomita hizo, ziko Maktaba ya Chuo Kikuu cha Cambridge, fungu la RGO. Sehemu yake imeshapigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti bure, kwa hiyo usiombe fedha za kwenda kusoma kitu unachoweza kukisoma Mkunazini.

Ramani za upimaji nazo zina njia yake. Kapteni Owen wa Uingereza alipima pwani yetu kati ya 1822 na 1826 kwa meli za Leven na Barracouta. Karatasi za awali za upimaji tafuta mji wa Taunton, Uingereza, kwenye nyaraka za ofisi ya ramani za bahari. Makumbusho huwa na ramani zilizochapwa. Na anayefuatilia pembe, gundi ya sandarusi na vitambaa vya merikani aangalie Marekani: mkataba wa Sayyid Said na Wamarekani ni wa 1833, balozi wao wa kwanza, Richard Waters, alifika 1837, na karatasi zake ziko Maktaba ya Phillips ya makumbusho ya Peabody Essex. Makumbusho yapo Salem, maktaba ipo mji mwingine, Rowley. Panga nauli ukijua hivyo.

Unapotafuta katika katalogi, usiandike "Unguja", hutapata kitu. Jaribu Zanzibar, kisha Zanguebar na Zanzebar. Ukiandika Pemba utaletewa pia Pemba ya Msumbiji, kwa hiyo angalia latitudo: kisiwa chetu kiko nyuzi 5 kusini, ile iko karibu 13. Batela, sambuku, betili na mtepe vyote huwa vimeandikwa kwa jina moja la "dhow". Hilo ni kero, lakini ni nafasi pia: mtu anayeweza kutazama picha ya zamani akasema tezi hii, yaani sehemu ya nyuma ya chombo, ni ya batela na si ya sambuku anawapa kitu wasichonacho. Liseme waziwazi.

Kilimani kwanza

Kabla ya kuandika mstari mmoja, maliza wiki mbili Nyaraka za Taifa, Kilimani. Fungu la AA ndilo lenye barua za ubalozi wa Uingereza. Nenda na penseli, si kalamu ya wino, na kila unachonakili andika namba kamili: fungu, jalada, ukurasa, tarehe. Ukipata upande mmoja wa barua hapa, na upande wa pili ukauona kwenye katalogi yao, una hoja ya safari ambayo mwombaji wa London hana.

Tarehe ndizo zitakazokusumbua. Barua ya Kiarabu ya 1290 Hijria ukiigeuza kwa programu inaweza kupishana siku moja, hata mbili, kwa sababu mwezi uliandama kwa kuonekana. Angalia jina la siku lililoandikwa kwenye barua, ndilo la kusahihishia. Kumbuka pia usiku wa Ijumaa kwetu ni Alhamisi jioni kwa Mwingereza. Batli za jeshi la majini kabla ya 1805 zilianza siku adhuhuri, saa 12 mbele ya kalenda: alasiri ya tarehe 5 imeandikwa tarehe 6. Wanafalaki wao walifanya kinyume hadi mwisho wa 1924: asubuhi ya tarehe 6 kwao bado ni tarehe 5. Aya moja inayoonyesha unalijua hili ina thamani kuliko kurasa za nadharia.

Ukichagua hesabu ya Nairuzi, yaani mwaka wa siku 365 uliohesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi na kuwaongoza manahodha na wakulima, kumbuka hauna siku ya ziada, hivyo hurudi nyuma siku moja kila miaka minne ukiulinganisha na kalenda ya Kizungu. Ukitaka kuzungumza na wazee wa Makunduchi utahitaji kibali cha utafiti cha Serikali ya Mapinduzi, na ukifika kijijini unaanza kwa sheha. Kibali huchukua muda, kwa hiyo kiombe mapema.

Kuandika

Sentensi ya kwanza ibebe kazi. "Utafiti huu utachunguza mchango wa Waswahili katika historia ya bahari" haisemi chochote. Linganisha na hii: "Nitalinganisha majina ya miamba na milango ya bahari ya Pemba katika ramani zilizotokana na upimaji wa Owen na majina wanayotumia manahodha wa Wete na Mkoani, ili kuonyesha wapi wapimaji walitegemea marubani wenyeji." Baada yake orodhesha vitu 8 hadi 15 kwa namba.

Mpango wa wiki uwe na hesabu. Daftari la mwaka mmoja lenye ukurasa kwa siku ni kurasa 365. Kwa dakika tano kila ukurasa ni saa 30, yaani siku sita za saa tano za kusoma. Anayeahidi madaftari ishirini kwa mwezi hajawahi kusoma hata moja.

Kama unasoma Kiswahili cha hati za Kiarabu, ambatisha ukurasa mmoja ulioufasiri. Wadhamini wawili wanatosha, wape wiki sita na nakala ya mpango wako. Barua ya mkubwa asiyekujua haikusaidii.

Bajeti iandike kwa sarafu ya huko. Watu husahau amana ya chumba, nauli ya treni, na ada ya kuchapisha picha, ambayo ni tofauti na ruhusa ya kupiga picha kwa simu. Uliza kwa maandishi posho hulipwa lini, maana ikilipwa baada ya kufika, mwezi wa kwanza ni juu yako. Uliza pia aina ya viza, na barua yao itaje tarehe, kazi na posho. Alama za vidole za viza ya Uingereza hutolewa Dar es Salaam, na ukikaa zaidi ya miezi sita utatakiwa kipimo cha kifua kikuu.

Saa sita usiku ya London ni saa tisa usiku kwetu, na saa nane wakati wa kiangazi chao. Tuma siku moja kabla, faili moja ya PDF, jina lako mwanzoni mwa jina la faili, kisha subiri barua pepe ya kuthibitisha kabla ya kuzima kompyuta.