Kuunda sentensi za Kikannada ukiwa unawaza kwa Kiswahili

Mdogo wangu amefika Bengaluru, kusini mwa India, kusoma, na wiki mbili za mwanzo tulipigiana simu kila jioni tukijenga sentensi moja moja. Mimi niliishi huko miaka minne. Watu watakuambia Kiingereza na Kihindi vinatosha mjini. Kununua sabuni, ndiyo. Lakini mama mwenye nyumba na muuguzi wa zamu ya usiku mara nyingi wanazungumza Kikannada, lugha ya huko, na ukiwasemesha kwa lugha yao wanakuona mtu wa kwao.

Herufi zao ziache kwa mwezi wa kwanza. Ukiona "aa" hapa, vuta sauti.

Hatua ya 1: Kitenzi kiende mwisho

"Naanu kaapi kuditini": mimi, kahawa, nakunywa. Na "ni" ya Kiswahili haina mwenzake: "Idu nanna mane" ni hii, yangu, nyumba, basi. Sentensi imekamilika.

Hatua ya 2: Nafsi iko mkiani

Sisi tunaiweka kichwani mwa kitenzi: ninakwenda, unakwenda, anakwenda. Wao wanaibandika nyuma: "hogtini" (ninakwenda), "hogtiya" (unakwenda), "hogtaane" (anakwenda, mwanamume), "hogtaale" (mwanamke), "hogtivi" (tunakwenda), "hogtaare" (wanakwenda, au mtu mmoja unayemheshimu). Mkubwa wako usimwambie "neenu" (wewe). Mwambie "neevu" (wewe ya heshima), na kitenzi kiwe "hogtira". Dereva mwite "anna", kaka. Muuza maua mwite "akka", dada.

Programu za kutafsiri za kwenye simu zilinipa "hoguttene" badala ya "hogtini". Si kosa, ni Kikannada cha kuandika. Mimi nashauri uanze na cha mdomoni, kwa daftari na kwa kumrekodi jirani akikubali.

Hatua ya 3: "-ni" yetu wao wanaigawa mara tatu

Yupo nyumbani, anakwenda nyumbani, anatoka nyumbani: kwetu neno ni lilelile. Kwao ni "maneyalli", "manege", "maneyinda". Hospitali ni "aaspatre", kwa hiyo kwenda hospitali ni "aaspatrege". Majina ya vitu yanayoishia na "a" fupi huchukua "-kke" badala ya "-ge": mti ni "mara", kwenda kwenye mti ni "marakke".

Hatua ya 4: "Naanu" au "nanage"?

Hapa ndipo nilipopoteza miezi, kwa hiyo tulia.

Usiku mmoja nilikuwa na homa, nikaenda duka la dawa nikasema "Naanu jvara". Muuzaji akaniangalia, akauliza, "Yaarige?" Nani yule anayeumwa? Nikarudia vilevile, naye akarudia "Yaarige?" huku akiivuta ile "-ge" ya mwisho. Nilikuwa nimemwambia kwamba mimi ndiye homa. Neno "yaaru" ni nani. "Yaarige" ni kwa nani. Nikasema "Nanage", na dawa zikaja. Sentensi kamili ni "Nanage jvara ide": kwangu, homa, ipo.

Ukiwaza "nina homa" utakosea. Waza "homa imenipata", "njaa imenishika". Kiswahili chetu tayari kinajua jambo hili: njaa ndiyo inayotenda, wewe umeshikwa tu. Kikannada kinafanya hivyo kwa njaa, kiu, baridi, maumivu, kujua, kupenda na kutaka:

"Nanage hasivaagide", nina njaa.
"Nanage kaapi beku", nataka kahawa. Hutaki? "Beda."
"Nanage dose ishta", napenda dose (chapati nyembamba ya mchele na dengu).
"Nanage gottu", najua. Hujui? "Gottilla."

Mdogo wangu alishika "nanage" haraka, kisha akaanza kusema "Nanage jvara iddini". "Iddini" ni nipo. Kitenzi hakikufuati wewe hapa, kinafuata homa. Homa ni kitu, kwa hiyo "ide". Ila ukitaja ndugu, kitenzi kinafuata ndugu: "Nanage obba tamma iddaane", nina mdogo mmoja wa kiume.

Kuna mitego miwili zaidi. Kitu ulicho nacho mkononi, kama pesa, hakitumii "nanage". Unasema kipo karibu yangu: "Nanna hattira duddu ide". Na "beku" ikishikana na kitenzi inakuwa lazima, na hapo "naanu" inarudi: "Naanu manege hogabeku", inanibidi niende nyumbani.

Chora mstari katikati ya ukurasa, "naanu" kushoto, "nanage" kulia, na kila kitenzi kipya ukiandike upande wake siku hiyohiyo. Bila daftari hilo mimi nisingefika.

Hatua ya 5: "Alla" na "illa"

"Alla" ni si: "Idu nanna mane alla", hii si nyumba yangu. "Illa" ni hakuna, hayupo: "Avaru maneyalli illa", yeye (kwa heshima) hayupo nyumbani. Kwenye vitenzi sikiliza irabu: "hogalla" ni siendi, "hogilla" ni sikwenda. Mkia wa nafsi unaanguka, kwa hiyo neno hilohilo linatumika kwa mimi, yeye na wao.

Hatua ya 6: Swali

Vuta "aa" mwishoni. "Ee bassu Majesticge hogattaa?" Basi hili linakwenda Majestic (kituo kikuu cha mabasi mjini)?

Swali utakaloulizwa zaidi ni "Oota aaytaa?", umeshakula? Ndiyo salamu ya mchana. Jibu "Aaytu, nimdu?", nimeshakula, na wewe je? Mama mwenye nyumba wa mdogo wangu alipomwuliza hivyo juzi, alijibu "Illa, nanage hasivaagide", na akavutiwa kiti.